Kuta za Zamani na Kuta Mpya Zisichorwe Sawa

(Hotuba kwa wachora ramani, wanafunzi wa ubunifu majengo na mafundi ujenzi wa Mwanza)

Ndugu zangu wachora ramani, wahandisi, wakadiriaji majenzi, mafundi mliotoka saiti mkaja moja kwa moja, nanyi wanafunzi mliojaa viti vya nyuma: mwangaluka! Wazee wangu, shikamooni.

Nimeombwa nizungumzie programu za kuchorea majengo. Nitachukua jambo moja tu ndani yake, kwa sababu naamini ndilo linalowagharimu wateja wetu kuliko mengine yote: namna ya kuiambia kompyuta kwamba ukuta huu upo tayari, huu unakuja, na huu unaondoka.

Kwa nini nalileta hapa Mwanza? Angalieni kazi zinazoletwa mezani kwenu. Kiwanja kitupu mjini kimekuwa adimu. Pandeni Bugarika, Mabatini, Igogo, Isamilo: nyumba zimekaa juu ya mawe, na kila nyumba imekua kidogo kidogo. Familia ilianza na vyumba viwili, ikaongeza sebule, ikaja kutoa fremu za duka upande wa barabara, na sasa kijana aliyepata kazi anataka kupandisha ghorofa juu ya vyote hivyo. Katikati ya mji kuna maduka yenye kuta nene za tangu miaka ambayo reli kutoka Tabora ilifika hapa, mwaka 1928, na leo yanageuzwa kuwa famasi, hoteli au ofisi. Huko kando ya ziwa, mwaka 2020 maji yalipopanda kupita hata kiwango cha 1964, watu walinyanyua sakafu na kuongeza ukuta juu ya ukuta. Kazi zote hizo zina kuta za zamani na kuta mpya ndani ya ramani moja. Nyumba inayoanzia kwenye nyasi ni ya wachache.

Lakini ramani nyingi ninazoziona zimechora nyumba nzima kwa mstari mmoja mweusi. Ukuta wa mwaka 1975 na ukuta utakaojengwa mwezi ujao vinaonekana ndugu mapacha. Msomaji wa kwanza wa ramani hiyo ni fundi mwenye nyundo. Yeye hakuwepo mlipokaa na mwenye nyumba. Anaona ukuta sebuleni ambao kwenye karatasi haupo, anaubomoa, kumbe mchoraji aliusahau tu, na ndio uliokuwa umebeba slabu. Msomaji wa pili ni mkadiriaji majenzi. Tuchukue nyumba ambayo kuta zake zinazobaki, ukizinyoosha zote na kutoa milango na madirisha, zina urefu wa mita 40 na kimo cha mita 3. Hizo ni mita za mraba 120. Kwa bloku zetu za inchi 18 kwa 9, mita moja ya mraba inakula tofali kama 10. Mchoraji aliyeacha kuta hizo zihesabiwe kuwa mpya amemwandikia mteja tofali 1,200 asizozihitaji, na hapo hatujagusa saruji, mchanga, lipu wala malipo ya fundi. Mama wa watu atakopa kwa makadirio hayo.

Msomaji wa tatu ni ofisa wa halmashauri anayekagua ombi la kibali. Yeye nitamrudia.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, hasa vijana. Wengi wenu mnajua kwamba kuta za zamani zinatakiwa zionekane tofauti, na mnafanya hivi: mnatengeneza aina ya ukuta, mnaipaka kijivu, mnaiita "ukuta wa zamani", basi. Kwenye skrini panapendeza. Lakini mashine bado inaamini kuta zote ni za kujengwa. Ukiomba jedwali la tofali, itakupa zote. Ukiomba plani ya kubomoa, haina la kukupa. Rangi ni ya macho yako wewe. Taarifa inatakiwa ikae ndani ya ukuta wenyewe, ili kila mchoro na kila hesabu itakayotoka kwenye faili hilo iijue. Hilo ndilo ninaloomba mlishike leo, na mengine yote nitakayosema yanatokana nalo.

Nianze na Revit, maana ndiyo naona wengi mnaitumia. Chagua ukuta wowote, kisha shuka chini kwenye sifa zake. Utakuta mistari miwili: "Phase Created" na "Phase Demolished". Wa kwanza unasema ukuta ulizaliwa awamu ipi, wa pili unasema unaondoka awamu ipi, na kama hauondoki, panaandikwa "None". Kwa taarifa hizo mbili tu programu inaweza kukuambia kila kitu. Ukuta uliozaliwa awamu ya "Existing", yaani yaliyopo, na hauondoki ni ukuta unaobaki. Uliozaliwa "Existing" ukaondoka "New Construction", yaani ujenzi mpya, ni wa kubomolewa. Uliozaliwa "New Construction" ni mpya. Na ule uliozaliwa na kuondoka katika awamu ileile, programu inautambua kuwa ni wa muda. Huu wa mwisho wengi hawaujui, nao una kazi yake hapa mjini: duka linakarabatiwa upande mmoja huku upande wa pili linaendelea kuuza, na katikati mnasimamisha ukuta wa mabati au mbao kuzuia vumbi. Uchoreni kama ukuta wa muda. Utaonekana kwenye mchoro uliowekwa uonyeshe kuta za muda, fundi ataujenga, na hautabaki kwenye jengo lililokamilika.

Mtego uko hapa. Kila plani unayoifungua ina awamu yake, na ukuta unaouchora unazaliwa katika awamu ya plani uliyomo. Plani zinazokuja na programu kwa kawaida zimewekwa kwenye "New Construction". Kijana anarudi na vipimo vya nyumba ya zamani, anafungua kompyuta, anachora nyumba nzima bila kugusa chochote, na nyumba iliyojengwa na babu wa mteja imeandikwa kuwa mpya kuanzia msingi hadi paa. Kwa hiyo kabla ya kuchora mstari wa kwanza, tengeneza plani maalumu, iweke kwenye awamu ya "Existing", ipe jina linaloeleweka, na nyumba ya zamani yote uichorie humo. Ukishamaliza kuchora yaliyopo, usiifute plani hiyo, wala usichore kitu kipya ndani yake.

Kisha karatasi zako ziwe tatu. Ya hali ya sasa: awamu "Existing", kichujio (kinachochagua kipi kionekane) "Show All". Ya kubomoa: awamu "New Construction", kichujio "Show Previous + Demo", nayo itakuonyesha yaliyopo na yanayoondoka bila kuchanganya na mapya. Ya kujenga: awamu hiyohiyo ya "New Construction", kichujio "Show Previous + New". Modeli ni moja, kuta ni zilezile, karatasi tatu zinazungumza mambo matatu. Ukisogeza ukuta kwenye moja, umesogea kote. Nawaonea huruma wale wanaonakili faili mara tatu na kuzirekebisha kwa mkono kila mteja anapobadili mawazo, na wateja wetu hubadili mawazo.

ArchiCAD inafika palepale kwa njia fupi zaidi. Tangu toleo la 15 la mwaka 2011 ina sehemu ya ukarabati ambapo kila kitu kinapewa hali moja kati ya tatu: kilichopo, cha kubomolewa, kipya. Unachagua kuta, unabonyeza hali, halafu vichujio vinakutengenezea plani ya sasa, ya kubomoa na ya mwisho. Kwa nyumba ya kawaida inatosha kabisa. Kwenye AutoCAD hakuna ujanja huo, mnategemea leya, yaani tabaka za kuchorea. Basi leya zenu ziwe na nidhamu: hali ya kitu iandikwe kwenye jina la leya kwa herufi moja, kama viwango vya Marekani vinavyofanya, E kwa kinachobaki, D kwa cha kubomoa, N kwa kipya, T kwa cha muda. Anayetumia SketchUp afanye hivyohivyo kwa tagi. Chombo chochote ulicho nacho, kuna pa kuandika.

Na mkibadilishana mafaili kwa IFC, umbo la faili linalosomwa na programu tofauti, fahamuni kwamba ndani ya sifa za kawaida za ukuta katika umbo hilo mna nafasi ya hali yake: mpya, uliopo, wa kubomoa, wa muda. Pia mna thamani ya "NOTKNOWN", yaani haijulikani. Naiheshimu sana nafasi hiyo, na nitasema kwa nini baada ya muda mfupi. Kabla ya kumtumia mhandisi faili, lifungue kwenye programu nyingine ya kusomea IFC, hata ya bure, ubofye ukuta mmoja wa zamani uone kama hali yake imesafiri. Isiposafiri, mhandisi anapokea nyumba mpya kabisa.

Sasa tuingie kwenye mambo magumu, yale ambayo video za mafunzo haziyagusi kwa sababu zimetengenezwa kwa kuta za gipsamu, wakati sisi tunashughulika na mawe na tofali za kuchoma.

La kwanza ni tundu la mlango. Mteja anataka mlango wa zamani uzibwe. Kwenye Revit unaubomoa mlango, na programu yenyewe inaziba tundu kwa ukuta wa aina ileile ya ukuta uliobeba mlango. Inaonekana msaada mkubwa. Lakini ukuta huo ni wa mawe, unene wa sentimita 45, na hakuna fundi atakayeziba tundu la mlango kwa mawe. Ataziba kwa bloku. Kwa hiyo bofya kile kipande kilichoziba tundu, kibadilishe aina, uandike bloku. Kinyume chake nacho kipo: ukiweka dirisha jipya kwenye ukuta wa zamani, dirisha linakuwa jipya, na plani ya hali ya sasa inaendelea kuonyesha ukuta mzima, kama ulivyo leo. Hapo programu imefanya vyema. Kitu isichokijua ni linta. Juu ya tundu jipya kwenye ukuta wa zamani lazima pawe na kitu cha kubeba uzito, na kabla ya hapo lazima pawe na nguzo za kushikilia wakati fundi anakata. Hilo liandikeni kwa maneno kwenye karatasi ya kubomoa. Kompyuta haitaliandika.

La pili ni kuvalisha ukuta wa zamani. Ukuta wa sebule unageuka kuwa ukuta wa jiko, unatakiwa vigae. Mchoraji anakwenda kwenye aina ya ukuta, anaongeza tabaka la vigae. Papo hapo plani ya hali ya sasa nayo imepata vigae, na ukuta umenenepa tangu zamani, kwa sababu ukuta mmoja hauwezi kuwa na aina mbili katika awamu mbili. Dawa yake ni kuacha ukuta wa zamani kama ulivyopimwa, kisha kuchora ukuta mwembamba mpya ubavuni mwake, wa milimita 25 hivi, wenye vigae na udongo wake wa kubandikia, na kuuunganisha na ule mnene ili madirisha yatoboe zote mbili. Ni kazi ya dakika chache, na mkadiriaji atapata mita za mraba za vigae zilizo sahihi.

La tatu ni la watu wa kando ya ziwa na wa milimani, na hili nalipa uzito kuliko yote. Kuta zetu mara nyingi ni za zamani chini na mpya juu. Mita moja ya mawe imebaki, juu yake zinakuja kozi za bloku. Programu haikubali ukuta nusu uliopo nusu mpya. Ni lazima uwe mmoja au mwingine. Basi ukate. Nenda kwenye elevesheni, yaani mchoro wa ukuta ukitazamwa kwa mbele, tumia kifaa cha kukata, kata ukuta kwa mlalo pale mawe yanapoishia, sehemu ya juu ibadilishe awamu na aina. Ukikata kwa wima, fanya hivyohivyo pale ukuta wa zamani unapoishia na nyongeza inapoanzia.

Na mstari huo wa makutano msiuache programu iumeze. Programu nyingi hupenda kuunganisha kuta mbili za aina moja zinapokutana, ukabaki ukuta mmoja laini. Kwetu sisi mstari huo ni wa hatari na unatakiwa uonekane. Fikirini: nyumba ya zamani imekwisha kutulia, msingi wake umekaa kwa miaka mingi, labda kona mbili zimekaa juu ya mwamba. Nyongeza inakuja juu ya udongo wa kujazia. Itashuka, hata kama ni kidogo. Ya zamani haishuki. Ufa utatokea pale pale zilipokutana, na maji ya mvua za masika yataingia humo. Mhandisi anapouona mstari kwenye ramani, anajua aulize: tuchonge meno ukuta mpya ushikane na wa zamani, tuchomeke nondo, au tuache nafasi kila upande ushuke kivyake? Asipouona mstari, hana cha kuuliza. Naomba wanafunzi mkitoka hapa mtembee mitaa ya mlimani mkatazame nyufa za nyongeza. Mtakuta nyingi zimesimama wima, zimenyooka, kwenye mpaka wa zamani na mpya.

Hapo ndipo tunafika kwenye vipimo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na nyumba nyingi za mji huu hazina daftari, hazina ramani ya kwanza. Unachora unachokipima. Sasa programu hupenda nyuzi 90 na hupenda unene uliozoea. Nyumba ya zamani haina nyuzi 90. Ukuta wake una unene wa sentimita 23 hapa na 27 kule, kwa sababu umepigwa lipu mara tatu. Msiunyooshe ukuta wa mtu ili mchoro upendeze. Chora pembe uliyoipima, pima na mshazari wa kila chumba ili uweze kuthibitisha, weka aina ya ukuta yenye unene wa kweli, na jina lake lianze na neno "uliopo" ili usije ukachanganya na za dukani. Pale usipoweza kujua kilichomo ndani, kama ni tofali la udongo au la kuchoma chini ya lipu, andika kwamba haijathibitishwa. Ndiyo sababu naiheshimu ile nafasi ya "haijulikani". Mchoraji anayeandika "haijathibitishwa" anamwambia mhandisi atoboe tundu dogo aangalie kabla ya kuweka ghorofa juu. Mchoraji anayebuni anahatarisha maisha ya watu watakaolala chini ya slabu hiyo.

Nimesema nitamrudia ofisa wa kibali. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mteja mwenye kiwanja Igombe anaweza kukuomba kwa upole uuonyeshe ukuta mpya kuwa "uliopo", ili uonekane ulikuwepo tangu zamani. Unabofya mara moja tu, awamu inabadilika, mchoro unapokelewa. Ndugu zangu, msifanye. Ile awamu ni ushahidi wenu kwa maandishi, na faili linaeleza nani alisema nini. Zaidi ya hapo, ziwa halisomi ramani. Mwaka 2020 lilikwenda lilikotaka, na waliolipa ni waliokuwa wanaishi humo.

Mwisho ni uchapaji, na hili ni fupi. Huko Italia, Ujerumani na Uswisi wana desturi ya miaka mingi: yaliyopo kwa nyeusi au kijivu, ya kubomoa kwa njano, mapya kwa nyekundu. Ni desturi nzuri, na kwenye skrini nawashauri muitumie. Lakini karatasi inayofika kwa fundi Igoma ni fotokopi ya fotokopi, nyeusi na nyeupe, njano imepotea kabisa. Kwa hiyo tofauti isitegemee rangi peke yake. Ukuta unaobaki upigwe mstari mwembamba, ndani mtupu au kijivu hafifu. Wa kubomolewa uwe wa mstari wa vipande vipande. Mpya uwe na mstari mnene, ndani umejazwa. Yote hayo yanapangwa mara moja kwenye mipangilio ya awamu, na kila karatasi inayafuata yenyewe. Kisha pembeni ya kila karatasi wekeni ufunguo, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa: UKUTA ULIOPO, UBAKI. UKUTA WA KUBOMOLEWA. UKUTA MPYA. Fundi aliyeishia darasa la saba asome bila kumpigia mtu simu.

Chapeni karatasi moja, muipige fotokopi mara mbili kwenye duka lolote la steshenari mjini, mumpe mtu ambaye hajawahi kuiona nyumba hiyo, mumuulize ni ukuta upi unaovunjwa. Akijibu sawasawa, ramani iko tayari kwenda saiti.

Kompyuta zimewashwa chumba cha pili, na ramani ya nyumba ya vyumba vinne na nyongeza yake iko kwenye kila mashine. Mafundi, kaeni pamoja na wachoraji, mmoja kwa mmoja, kwa sababu ninyi ndio mtakaowaambia kama mchoro unasomeka. Karibuni tuanze na kuibadili plani ya kwanza iwe awamu ya yaliyopo.